Mahari pa Mwanamke

Kitabu cha shangazi yangu ni chembamba. Kina jalada la kijani la karatasi ngumu, na kosa moja limekaa mbele kabisa, kwa herufi kubwa, mahali ambapo hata asiyesoma vizuri hawezi kulikosa. Kosa hilo ni langu. Watu wa kwetu wanapomsifu shangazi, na wanamsifu mpaka leo, husema jinsi alivyoandika kitabu cha wanawake wakati wanawake wengi wa rika lake hawakujua hata kuandika majina yao, na jinsi alivyozunguka nacho kanisa baada ya kanisa. Mimi huitikia kwa kichwa huku nikiomba asitokee mtu wa kuuliza habari ya jalada.

Niseme kwanza alikuwa nani. Alikuwa dada mdogo wa baba yangu. Alitolewa shuleni akiwa darasa la nne, si kwa sababu alikuwa mzito wa kichwa, maana alikuwa akiwashinda wavulana, bali kwa sababu baba alikuwa ameshapata mchumba na boma la babu halikuwa na kitu. Kwetu wakati huo njia ilikuwa moja tu. Binti anaolewa, ng'ombe wake wanaingia bomani, na kaka yake anawatoa hao hao kwenda kuoa. Shangazi akaolewa upande wa Nyamira. Ng'ombe wake wakalala kwa babu siku chache, kisha wakaenda kumleta mama yangu.

Jambo hilo halikusemwa nyumbani, lakini lilikuwa limejaa nyumba nzima. Shangazi alipokuja kututembelea, mama hakuketi mpaka yeye aketi. Ugali wa wimbi wa moto ulianza kwake kabla ya kufika kwa baba. Mama alizungumza naye kwa sauti ya chini kama mtu aliye kanisani, na mimi nikadhani anamwogopa wifi yake. Siku moja nilimwuliza. Alinijibu bila kuacha kuchambua mboga kwamba yeye yumo katika nyumba ile kwa miguu ya shangazi. Sikuelewa. Nikafikiri labda shangazi ndiye aliyekwenda kumposa.

Mume wa shangazi alikuwa mchuma chai katika mashamba makubwa ya Kericho, naye shangazi alimfuata huko. Katika nyumba za wafanyakazi waliishi Wajaluo, Waluhya, Wakipsigis na watu wetu, wote mlango kwa mlango, na lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili. Shangazi alikiokota kwa masikio, kisha akakinyoosha kwa kusoma Biblia. Shida ilikuwa moja. Sisi Wakisii hatuna l katika lugha yetu, na mdomo wetu ukikutana nayo huigeuza r bila hata kumwomba mwenyewe ruhusa. Basi siku moja shangazi alimwendea karani wa shamba, akamwomba kwa heshima zote ampe karamu. Karani akamwuliza karamu ya nani, na nani atachinja. Wafanyakazi waliokuwa kwenye foleni walicheka mpaka wakashika mbavu. Maskini alitaka kalamu, amwandikie barua jirani yake Mjaluo ambaye hakujua kuandika.

Kisa hicho alikisimulia mwenyewe kila alipokwenda, mapema, kabla mtu mwingine hajapata nafasi ya kumcheka. Ndivyo alivyokuwa. Aliwanyang'anya watu fimbo na kuishika yeye.

Kalamu aliipata, na ndiyo iliyomfungulia njia. Wanawake walianza kumjia awaandikie barua za nyumbani. Wakimwambia ya kuandika, walimwambia na yasiyoandikwa: mtoto anayekohoa, mume anayemaliza mshahara kabla ya jua kutua, mama mkwe ambaye haridhiki na chochote. Jumamosi alasiri, baada ya ibada, shangazi aliwaita nyuma ya nyumba, akawaambia aliyokuwa ameyawaza juma zima bila kumtaja mtu. Akafungua Biblia, akasoma kidogo, akaeleza. Hapo ndipo alipoanza kuhubiri, ingawa yeye hakuliita hivyo, na wazee wa kanisa wasingekubali liitwe hivyo.

Uhuru ulipokuja, mume wake alirudi kwenye shamba la baba yake na kupanda miche yake mwenyewe ya chai. Alikuwa mtu mpole, mwenye maneno machache. Mke wake alipoanza kuitwa na makanisa ya mbali, yeye alibaki akikamua ng'ombe na kuwapikia watoto uji. Majirani walimcheka sana kwa hilo. Aliwajibu kwamba ng'ombe hajui nani anakamua, anachojua ni kukamuliwa. Ninampenda mume yule wa shangazi mpaka leo, na sikumbuki kumwambia.

Shangazi alianzia kanisa la kwao, akaitwa Nyakoe, akaitwa Suneka, mwisho akafika hata Nyamarambe, akipanda lori la ndizi nusu ya njia na kumalizia kwa miguu. Likizo nilimfuata. Kazi yangu ilikuwa kubeba Biblia yake na kanga ya kubadilisha, kwa sababu mvua ya kwetu huja kila alasiri kama mtu aliyeajiriwa. Hakupewa mimbari. Mwanamke hakupanda pale. Alisimama chini, karibu na mlango, mahali ambapo wazee wangeweza kusema hakuwa akifundisha bali alikuwa akisalimu tu.

Alikuwa na desturi yake. Hakufungua kinywa mpaka kila mwanamke awe ameweka chini alichobeba. "Wekeni chini," alisema, kisha akangoja. Vikapu viliwekwa chini, mitungi ikawekwa chini, watoto wakapewa wasichana wakubwa. Kulikuwa na akina mama ambao mikono mitupu iliwashinda, wakawa hawajui waipeleke wapi. Aliwangoja hata hao. Nilikuwa msichana mdogo, nikaona ni kupoteza wakati. Nilipokuwa mkubwa nikagundua kwamba wengi wao walikuwa wakilia kabla hajasema neno la pili.

Nilimwona akithubutu mambo mengi. Bibi mmoja aliwahi kumwuliza mbona Kiswahili kinamwita Mungu mama, kwa sababu katika lugha yetu mtu akisema "baba" anamwita mama yake mzazi, na baba mzazi ni "tata". Kanisa zima likacheka. Shangazi hakucheka. Alimwambia bibi kwamba hakukosea kusikia, kwani Mungu akiitwa baba kwa Kiswahili na mama kwa lugha yetu, basi ameitikia pande zote mbili, na mwanamke asione haya kwenda mbele zake. Wazee walikunja uso juma zima. Akina mama walilirudia neno hilo shambani wakichuma maua ya pareto.

Alizungumza juu ya kipigo, juu ya pombe, juu ya maziwa ya mtoto kuuzwa yote yakaisha. Aliwaambia wasichana wasome. Jambo moja tu hakuligusa, nalo ni ng'ombe. Ilikuwa ajabu, maana hakukuwa na mwanamke mbele yake ambaye maisha yake hayakuwa yamepangwa na ng'ombe. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba alikuwa akimsitiri kaka yake. Angetaja ng'ombe, watu wote wangegeuza shingo kumtazama baba yangu, mzee wa kanisa, akiwa ameketi na suti yake ya Sabato.

Baba naye alikuwa na neno lake moja kwangu. "Maliza kitabu." Nikirudi nyumbani na alama nzuri alisema hivyo, nikirudi na mbaya alisema hivyo. Nilipokuwa darasa la saba walikuja watu kuniposa, watu wenye mali, na mama alishaanza kupika. Baba aliwasikiliza, akawanywesha chai, akawaambia binti hajamaliza kitabu. Walimkumbusha kwamba kaka yangu alikuwa amefikia umri wa kuoa. Aliwajibu kwamba kaka yangu ana mikono. Nilimwona ni mtu mkavu, asiye na hata neno tamu la kumpa mtoto wake. Nilimaliza sekondari, nikajifunza kupiga taipu, nikapata kazi katika ofisi moja mjini Kisii.

Ndipo shangazi alipokuja na madaftari manne ya shule, yamejaa kwa mwandiko wake wa duara, na harufu ya moshi wa jikoni. Alikuwa ameyaandika kwa miaka, juu ya goti, kila baada ya kukamua asubuhi. Alitaka kiwe kitabu kwa Kiswahili, ili kiwafikie hata wale wanawake wa Kericho wasiojua lugha yetu. Mkubwa wangu wa kazi aliniruhusu kutumia taipureta saa ya chakula cha mchana. Nilipiga kwa muda wa miezi. Nilijiona mtaalamu, na kusema kweli nilijivuna. Shangazi alikuwa ameandika kama anavyotamka, r kila mahali, nami nilizing'oa moja moja kama magugu. Karamu ikawa kalamu, kurara ikawa kulala, mrango ukawa mlango. Mkono uliniuma kwa kusahihisha.

Siku ya mwisho, akiwa na haraka ya kurudi Nyamira, aliniachia jina la kitabu kwenye kipande cha karatasi ya kufungia sukari. Alikuwa ameandika: Mahari pa Mwanamke.

Nililitazama. Nikaona kosa mara moja. Mahari haichukui pa, kila aliyepita shuleni anajua hilo. Ni mahari ya, si mahari pa. Nikasahihisha. Nikapiga kwa herufi kubwa, Mahari ya Mwanamke, nikampelekea Mhindi mmoja mjini aliyekuwa na mashine ya kuchapa kadi za harusi. Naye akachapa alichopewa.

Mimi niliyeng'oa r zote hizo, hiyo moja ilinipita. Alitaka kusema mahali. Mahali pa mwanamke, nafasi yake nyumbani, kanisani na mbele za Mungu. Na pa yake, ile niliyoikosoa, ndiyo iliyokuwa sahihi.

Nimejiuliza mara nyingi ilinipitaje. Jibu ninalo, na si la kujivunia. Nilitaka iwe hivyo. Kwa miaka mingi nilikuwa nikingoja shangazi aseme juu ya ng'ombe wake, na nilipoliona neno lile kwenye karatasi ya sukari moyo uliniruka. Nilifikiri, hatimaye.

Vitabu vilitoka juma moja kabla ya makambi, ile mikutano mikubwa ya kila mwaka ambapo makanisa ya kwetu hukusanyika chini ya maturubai siku kadhaa. Shangazi alikuwa amepewa saa ya akina mama, alasiri ya Sabato, hapo ndipo kitabu kitolewe. Baba ndiye aliyekwenda kwa Mhindi kuchukua katoni. Hakufika nazo mbali. Alikuja moja kwa moja hadi chumba changu cha kupanga, mchana, akasimama mlangoni na nakala moja mkononi. Nilimpa kiti, hakukaa.

"Dada yangu anataka nini?" aliniuliza. "Ng'ombe wale walikufa zamani. Kilichobaki ni mama yako, yuko jikoni. Anataka nimrudishie yupi?"

Sijawahi kumwona baba akiwa na uso ule. Ningemwambia pale pale kwamba ni mimi, kwamba ni herufi, lakini hakungoja. Alikuwa ameshaondoka. Jioni hiyo hiyo wazee wa kanisa waliitana. Wengi hawakufungua kitabu, jalada liliwatosha. Mwanamke kuandika juu ya mahari, jambo la wazee, na kumwaibisha kaka yake mbele ya mataifa. Baadhi walitaka anyimwe saa yake papo hapo. Pasta akawatuliza, wakakubaliana kwamba apewe nafasi ya kujieleza makambini, mbele ya wanaume pia. Akishindwa, vitabu havitatoka kwenye katoni, na hatasimama tena kuzungumza katika kanisa letu lolote.

Siku iliyofuata niliomba ruhusa kazini nikaenda Nyamira. Nilimkuta shangazi katika chai yake, kikapu mgongoni, akichuma majani mawili na ncha bila kuyatazama. Nikampa kitabu. Alifuta mikono kwenye aproni, akakipokea kama mtu anayepokea mtoto mchanga, kisha akasoma jalada. Akalisoma tena. Akaketi chini kati ya mistari ya chai.

Nilimweleza yote, wazee, saa yake, baba mlangoni. Nikamwambia niliona pa ndiyo kosa.

"Na r?"

"R niliiona sawa."

"Uliiona sawa," alisema, "au uliitaka?"

Nikaanza kulia. Nilimwambia ndiyo, niliitaka. Nikamwambia jambo ni jepesi, nitasimama mwenyewe makambini niseme ni kosa la mpiga taipu, wazee watacheka, baba atapoa, kila kitu kitarudi kilivyokuwa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akainuka, akavaa kikapu chake, akaendelea kuchuma. Alichoniambia ni kwamba nisiseme neno kwa mtu, na kwamba siku hiyo niketi mbele.

Niliketi mbele. Turubai lilijaa mpaka watu wakasimama kwenye nyasi nje. Wanaume walikuja kwa wingi ambao saa ya akina mama haikuwahi kuuona, wakajipanga nyuma, na baba katikati yao, ameshika fimbo yake kwa mikono miwili. Mama alikaa na wanawake wenzake kwenye mkeka, kichwa chini. Katoni zilikuwa kando ya meza, zimefungwa kwa kamba.

Shangazi akasimama chini, mahali pake pa siku zote. Kwa kuwa kulikuwa na wageni wa makabila mengine, alizungumza Kiswahili. Nitayaandika maneno yake kama yanavyoandikwa vitabuni. Wewe ukiyasoma weka r penye l, utamsikia.

"Wekeni chini," alisema. Wanawake wakaweka chini. Akangoja, kisha akainua macho hadi nyuma. "Na nyinyi wazee. Mlichokuja nacho leo, kiwekeni chini kidogo."

Wakaangaliana. Mmoja akacheka, wengine wakamfuata, na baba akaegemeza fimbo kwenye mlingoti, nadhani kwa kukosa la kufanya.

Alianza na kisa cha karamu. Alipoona wamelegea, akainua kitabu, akasema kilikusudiwa kuitwa mahali pa mwanamke, lakini kimetoka kwa mdomo wa Mkisii. Akawafundisha. Ulimi juu, nyuma ya meno, la, la, la. Mamia ya watu wazima, wazee na makoti yao, wakasema ra, ra, ra. Mwanamke mmoja Mluhya alicheka mpaka akaanguka ubavu. Pasta alikuwa akijifuta machozi. Nilimwona baba akishusha pumzi, mabega yakashuka nayo. Jambo lilikuwa limekwisha. Shangazi angeweza kukaa pale, akapigiwa makofi, akapata vitabu vyake na kaka yake.

Hakukaa. Alingoja kicheko kiishe chenyewe.

"Lakini nimelala na hilo neno juma zima," alisema, "nikaona mtoto aliyelipiga hakukosea sana. Nimewaambia habari za kila kitu, miaka yote hii. Mahari sijawaambia. Leo nitasema yangu, kisha sitarudia."

Akakishusha kitabu.

"Ng'ombe zangu zilikuja asubuhi. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba na kitabu cha darasa la nne, nimefika katikati. Nilikiacha kwenye jiwe. Nililia, sitawadanganya. Nililia kwa ajili ya kile kitabu kuliko nilivyolia kumwacha mama yangu. Ng'ombe zikaenda zikamleta wifi yangu, yule pale, na sijapata wifi kama yeye. Kaka yangu hakunipa pole. Kwetu mwanamume hampi dada yake pole kwa jambo kama hilo, angeanzia wapi? Lakini alikwenda nyuma ya nyumba, akakiokota kile kitabu. Najua, kwa sababu kesho yake hakikuwepo."

Niligeuka kumtazama baba. Alikuwa ametazama chini, kwenye nyasi.

"Miaka ikapita, akapata binti. Wakaja watu na ng'ombe zao. Akawaambia binti hajamaliza kitabu. Wakaja wengine, akawaambia vile vile. Mtu akinywa chai kwake anasimulia, na mimi nasikia huko Nyamira. Hakuniambia kwa nini, wala sikumwuliza." Akanyoosha kidole, na kidole kikanifikia mimi. "Mahari yangu ndiyo hiyo imekaa mbele. Imemaliza kitabu. Imepiga chapa na hiki changu. Wazee, mmetaka nijieleze. Nimejieleza. Sidai kitu, nimelipwa."

Sikulia vizuri, nililia kwa kelele, kama mtoto. Neno lile kavu la baba, nililokuwa nikilisikia tangu utoto na kulichukia, lilikuwa na mtu mwingine ndani yake muda wote. Nilikuwa nimemwona mkavu. Hakuwa mkavu, alikuwa na jambo analolifanya.

Pasta alitazama wazee, wazee wakatazama baba. Baba aliacha fimbo yake pale mlingotini, akapita kati ya wanawake, na kwetu wakati ule mwanamume wa heshima hakupita hivyo, akafika mezani. Alikata kamba kwa kisu chake kidogo. Kisha akainua katoni, mzee wa kanisa na suti yake, akaiweka begani, akaanza kuzunguka mikekani akimpa kila mwanamke nakala kwa mkono wake. Alipofika kwa mama alisimama kidogo. Mama alipokea kwa mikono miwili. Hajui kusoma, lakini alikifungua katikati, akakitazama.

Baada ya hapo hakuna aliyemzuia shangazi kokote. Alizungumza tena miaka mingi, akaandika na kingine, chenye jalada lisilo na kosa, na watu hawakukipenda sana. Ahadi yake aliitimiza: habari ya ng'ombe hakuirudia. Wanawake waliotoka mbali na kumwomba aisimulie aliwaambia waende wamwulize kaka yake, naye kaka yake aliwaambia hajui wanachokisema.

Jioni ile, watu wakikunja mikeka, alinikuta nimeketi juu ya katoni tupu na nakala yangu. Nilimwomba msamaha tena. Nikamwambia Mhindi yuko tayari kuchapa majalada mapya, na kwamba safari hii nitalitazama kila neno mara tatu. Alinyoosha mkono.

"Nipe karamu."

Nikampa kalamu. Aliweka kitabu juu ya goti, kama alivyozoea, akaikata ile "ya" yangu kwa mstari mmoja, na juu yake, kwa mwandiko wake wa duara, akaandika pa. Mahari akaiacha ilivyo.

Nilimwambia kwa sarufi hilo sasa ndilo kosa kabisa. Si huku wala si kule.

"Najua," alisema. "Yote mawili yamo."

Nimepata riziki yangu maisha yote kwa kusahihisha maneno ya watu wengine, na walionifahamu kazini watakuambia sikuwa na huruma. Nakala ile iko hapa mezani ninapoandika. Hilo sijaligusa.